Kopo la Nchi

Kwa miaka ishirini na tisa, Mwalimu Solveig Tande aliwafundisha watoto wa wakulima wa ngano wa Dakota Kaskazini mambo ya ulimwengu kwa kopo la kahawa. Kila Septemba mwanafunzi alichomoa humo karatasi yenye jina la nchi, na nchi hiyo ikawa yake mwaka mzima. Alifuata habari zake, akaisemea darasani, na akiitaja ilimlazimu aseme "sisi." Kubadilishana kulikuwa marufuku.

"Bibie, watoto hawa hata Minnesota, jimbo la hapo ng'ambo ya mto, hawajaimaliza," Orrin, kocha wa hoki ya barafuni, alizoea kumtania. "Dunia nzima ya nini?"

Mwaka huo Bangladeshi ilimwangukia Brynn, golikipa wa Orrin. Alinuna wiki nzima, kwa kuwa alitaka Kanada.

"Mwalimu, umenionea."

"Kopo ndilo limekuonea, mwanangu. Nenda kasome."

Aprili theluji ikayeyuka, mto ukafura, na kama kawaida masomo yakasimamishwa ili watu wote wakajaze mifuko ya mchanga ya kuzuia mafuriko. Solveig alishika mdomo wa mfuko, Brynn akachota, Orrin akafunga kamba. Walifanya hivyo mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo Brynn akaegemea koleo lake.

"Mwalimu, na sisi kule Bangladeshi, maji yakija, nani hutujazia mifuko?"

Orrin aliiachia kamba, fundo halijakazwa, akamgeukia Solveig.

"Bibie," akasema, "kwenye hilo kopo lako imebaki karatasi hata moja?"