Niliandika Mti wa Uongo Kumtega Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, na ofisi yangu usiitaje, maana Jinja hii watu wanajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, nimezaliwa Busia upande wa Kenya, nikaolewa huku Uganda. Naishi Mpumudde. Mume wangu ni askari, na tangu ahamishiwe Mbale amepanga nyumba Malukhu. Kila Ijumaa namfuata huko, Jumapili narudi.

Kazini mimi ni karani. Tunaandaa sheria ndogo ya jiji ya kulinda miti: mtu akitaka kujenga kwenye ploti yenye mti mkubwa ulioandikishwa, aombe ruhusa kwanza, na ramani ya nyumba iukwepe mti. Tumezunguka miezi mingi, afisa wetu, dereva na mimi, tukipima mivule, misizi na miti mingine mikubwa ya mbao na kuiandika. Orodha ilikuwa siri mpaka madiwani wapitishe, kwa sababu mwenye ploti akisikia mti wake umo, ataukata kabla sheria haijamfikia.

Na ndivyo ilivyotokea. Jumatatu moja tukakuta mvule umelala chini, magogo yameshabebwa. Wiki mbili baadaye mwingine. Kisha miwili kwa siku moja. Bosi akapiga meza: "Kuna mtu humu ndani anatoa orodha!" Wote tukamgeukia dereva, nitamwita Moses, kwa sababu ndugu yake anauza mbao Buwenge. Hata mimi nilimgeukia. Moses akasema tu, "Madam, mimi nina familia."

Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kufikiri. Miti ilikuwa inaanguka Jumatatu au Jumanne, na kila mara ni baada ya wikendi niliyobeba faili kwenda Malukhu kumalizia kuchapa. Wikendi nilizoliacha ofisini, hakuna kilichokatwa. Nikaanza kumchunguza mume wangu. Simu nyingine anazipokelea nje. Nikitoka kuoga nakuta karatasi zimenyooshwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa jibu.

Ndipo nikafanya jambo ninalolijutia. Karibu na kwangu kuna ploti ya afande mmoja anayefanya kazi na mume wangu huko Mbale. Mpangaji wake ni mama Mkenya mwenzangu, anakaanga chapati chini ya mfenesi. Sheria yetu haihusu mifenesi kabisa. Nikaongeza mstari mmoja kwenye orodha: ploti ya afande huyo, mfenesi, usikatwe. Nikabeba faili kwenda Malukhu. Nilijiambia, mti huu usipoguswa, nitaacha kumshuku maisha yangu yote.

Jumatatu saa nne asubuhi nikiwa kazini, yule mama akanipigia. "Dada, wanakata! Wanasema mwenye ploti ameamuru!" Nyuma ya sauti yake nilisikia msumeno wa mashine. Nilipofika kwa boda, mafenesi machanga yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye karai lake la unga. Akaniuliza, "Wewe si ndiye mtu wa miti? Ungeshindwa kuwazuia?" Nilimsaidia kuokota vyombo.

Ijumaa nilimkabili mume wangu. Hakukataa.

"Niliwaambia watu wetu tu," alisema. "Askari ametunza ploti miaka yote ili ajengee watoto, halafu mnamwambia mti ndiye mwenye ploti? Hakuna aliyenihonga."

Nikamwambia ule mfenesi niliuandika kwa uongo ili nimnase.

"Basi mti wa yule mama umekatwa na wewe," akasema. "Mimi nilisoma ulichoandika."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yana ukweli ndani yake. Nilianza hata kumwonea huruma, nikasema pengine kweli alitaka kusaidia wenzake. Lakini kesho yake, nikianika nguo nyuma ya nyumba, nikaona turubai jipya. Nikalifunua. Mbao za mvule, zimepangwa hadi kiunoni. "Namwekea rafiki," akasema, bila kuniangalia. Rafiki gani, hakusema.

Sasa Moses amesimamishwa. Alhamisi kuna kikao, na bosi ameniambia niandike yote niliyoyaona. Najua anachosubiri ni nimtaje yule ndugu muuza mbao. Nikisema ukweli, mume wangu ataharibikiwa kazini na mimi pamoja naye, maana faili nililitoa mimi. Tena wasioitaka sheria watapata sababu ya kuitupa, na miti iliyobaki itakwisha. Nikinyamaza, Moses anafukuzwa kwa kosa la nyumba yangu. Jana tulikutana sokoni, yuko na mke wake. Akanisalimia kwa heshima, "Habari ya kazi, madam." Mke wake hakuitikia salamu yangu. Sijui kama wameshajua. Siku hizi kila anayenitazama naona kama ananisoma.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Karatasi ya bosi iko mbele yangu, bado haina neno hata moja. Mngekuwa mimi, mngeandika jina la nani?