Ukuta Mbele ya Dirisha la Mama Futi

Mama Futi hakupata kumwogopa mtu anayevaa suruali isiyomkaa sawa. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na sita, futi shingoni tangu asubuhi, na mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake, mabega na vitambi. Basi ofisa ardhi wa manispaa alipobisha hodi na bahasha kwapani, akaeleza kwa maneno makubwa kwamba bustani ya mji inapanuliwa na ua wa nyuma ya nyumba yake unahitajika, Mama Futi alimtazama kiunoni tu, akajua suruali ile ilinunuliwa kabla mwenyewe hajanenepa.

Ua wenyewe haukumuuma sana. Marehemu mumewe aliununua afuge kuku. Kuku walikwisha, magugu yakabaki. Watoto wa mtaa walichezea barabarani, na majirani watatu walishasaini. Bintiye naye alimsihi asivute mambo. Mama Futi akasema atasaini siku hiyohiyo, ila kwanza aoneshwe mchoro.

Kwenye mchoro, hatua mbili kutoka dirisha la chumba chake cha kushonea, palikuwa na mstari mnene. Ofisa alieleza kuwa ni ukuta wa kumkinga na wapita njia, mita mbili na nusu kwenda juu.

Kalamu ikarudi mezani. Chumba kile kilikuwa na dirisha hilo moja, na macho yake hayakuwa tena ya ujana. Ukuta ule ungesimama, cherehani ingelala. Akataka mwanga wake uandikwe. Ofisa alipekua fomu yake ukurasa kwa ukurasa: palikuwa na nafasi ya miti, ya choo, ya kisima, hata ya banda la kuku. Mwanga haukuwamo.

"Mama, mwanga si mali," alisema kwa upole. "Siwezi kuuandika."

Mama Futi hakubishana. Alibeba ubao wa kukatia nguo, akauegemeza dirishani, chumba kikawa giza. Kisha akampa ofisa sindano na uzi mweusi.

"Tia uzi, mwanangu. Ukiingia, nasaini na ukuta wako."

Bwana mkubwa alilamba uzi, akakodoa macho, akalamba tena. Akajichoma kidole. Binti alibana kicheko mlangoni. Shati lilipoanza kumganda mgongoni, ofisa aliomba ubao uondolewe. Mama Futi akauondoa, akatia uzi mara moja, kisha akashusha futi kutoka kiunoni mwa mgeni hadi sakafuni.

"Sentimita mia na tatu. Ukuta uishie kwenye mkanda wako."

Ofisa alisita, halafu akaandika chini kabisa ya fomu, pasipo na mistari: mwanga wa dirisha usizibwe, ukuta usizidi sentimita mia na tatu. Mama Futi alisoma neno kwa neno ndipo akasaini. Inasemekana mhandisi alikuna kichwa, akauliza kipimo kile kimetoka kitabu gani, na ofisa akajibu kuwa ni cha kitaalamu.

Mwashi alijaribu kuongeza safu moja ya matofali. Alipomwona mama wa watu anakuja na sindano mkononi, habari zake alikuwa ameshazisikia. Aliibomoa bila kuambiwa.

Bustani ilifunguliwa. Mama Futi alishona huku watoto wakikimbia pale palipokuwa na magugu ya mumewe, na alifurahi kuliko alivyotarajia. Alijivunia pia, wala hakuficha. Kila mteja alioneshwa ukuta kabla ya kupimwa.

Jumapili moja, akiwa katikati ya pindo la gauni la harusi, kitambaa kikaingia kivuli. Aliinua macho. Ofisa alikuwa amekaa juu ya ukuta na mkewe, wamempa mgongo, wanapunga upepo.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema, na cherehani haikusimama. "Mwanga huo uliuandika mwenyewe."

Ofisa alishuka, akamsaidia mkewe kushuka, wakahamia kwenye benchi.