Kalibu za Ndugu Wawili

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo najikuta nimeshika shavu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sina mume, sina wewe, na tayari nilijiona fundi.

Karakana ilikuwa Kijenge, chumba kimoja chenye nondo dirishani na kibali cha serikali ukutani. Mwenyewe alikuwa Fundi Elinami, Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kukohoa alikohoa kwa mpango. Alinichukua kazini huku wanaume wa mtaa wakisema binti wa Kimeru hawezi kumaliza mwezi kwenye karakana ya bunduki. Niliapa hawatanicheka. Ndiyo maana nilikuwa siulizi kitu, na hapo ndipo nilipojiponza.

Kazi yangu ilikuwa maganda. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hutanuka. Ukitaka kulijaza tena baruti, lazima kwanza ulisukume kwa mpini wa mashine ndani ya kalibu, kile chuma kigumu chenye tundu na kijiti cha kupanua mdomo katikati, ili lirudi umbo lake. Kila aina ya risasi ina kalibu yake. Shida ni kwamba risasi nazo zina ukoo. Ile tuliyoiita thelathini-sita na ile mbili-sabini ni ndugu kabisa, tumbo moja, mabega yaleyale. Mdogo ana mdomo mwembamba na shingo ndefu kidogo kuliko kaka yake, basi. Majina yao yamechapwa kwenye kitako kwa herufi ndogo, na siku ile nilizionea uvivu.

Maganda ya ndugu wote wawili yalikuwa kwenye beseni moja, nimeyaosha na kuyahesabu mwenyewe. Mteja alitaka thelathini-sita, nikafunga kalibu ya kaka, nikaanza kusukuma. Machache yalikaza mdomoni. Niliyasikia mkononi kabisa kwamba yanakaza, sikufichi. Nikaongeza nguvu, yakapita, nikafurahi. Kupima urefu nako kulikuwa juu yangu. Nilipima mawili, nikaridhika.

Fundi aliuliza bila kugeuka, "Yanakwendaje?"

"Yanaingia, Fundi."

Akaniamini, akayajaza.

Kesho yake saa nne asubuhi Mzee Loserian alikuja kuchukua boksi lake la risasi ishirini. Alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, mwindaji mwenye leseni. Alisema amefikia kwa dada yake, mtaa wa Themi, na saa nane mchana anaondoka na wenzake kwenda Longido. Fundi naye akaenda mjini kushughulikia kibali kipya, nikabaki peke yangu nikifagia.

Chini ya meza nikaokota ganda moja, mdomo umeshapanuliwa. Nikasoma kitako. Mbili-sabini. Nikalipima, na urefu ulizidi. Nilijua maana yake, Fundi alishanifundisha: ganda refu mdomo wake unabanwa mwanzoni mwa mtutu, unaing'ang'ania risasi, na moto unaokosa njia ya mbele unarudi kwa aliyeshika bunduki. Nikayahesabu maganda ya mdogo yaliyobaki kwenye beseni. Yalipungua manane. Moja nilikuwa nalo mkononi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kulitupa lile ganda mtoni nikae kimya. La pili lilikuwa kumsubiri Fundi aje anisemee. Nakwambia ili ujue mama yako si malaika. Kisha nikatazama saa, ilikuwa saa saba na robo, nikaona sura ya yule mzee. Nikafunga mlango, nikavua viatu, nikakimbia kutoka Kijenge hadi Themi.

Nilimkuta anapakia gari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti, umefukuzwa na mbwa?" Wenzake wakacheka.

"Naomba lile boksi. Kuna risasi humo zimekosewa."

"Fundi amekosea?"

"Ni mimi. Fundi bado hajui."

Hakuna aliyecheka tena. Alitandika shuka lake juu ya boneti, tukazipanga zote, nikasoma vitako kimoja kimoja kwa sauti. Saba zilikuwa za mdogo. Mzee Loserian aliweka kidole chini ya jicho lake, taratibu.

"Bunduki naiweka hapa," akasema.

Nililia, sikuona haya. Akanirudishia boksi zima, akawaambia wenzake Longido watakwenda kesho, na wakinuna wanune.

Fundi aliporudi nilimweleza kabla hajaketi. Hakupaza sauti. Alizitoa zile kalibu mbili, akaziweka mbele yangu.

"Uliniambia yanaingia. Hata nyumba ya jirani ungeweza kuingia, lakini si kwako," akasema. "Na mimi nilikosa, nilijaza bila kutazama."

Mwezi mzima hakuniruhusu kushika mashine. Kazi yangu ikawa kusoma vitako kwa sauti mbele ya wateja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilichukia kweli. Lakini sikuondoka, na waliosubiri niondoke walichoka wenyewe.

Sasa funguo za karakana ile, alizoniachia Fundi, ziko kwako. Jana umeniandikia kutoka nyumbani kwako Njiro kwamba kalibu ya mbili-sabini imepasuka, na kwamba ya kaka yake itasukuma kazi wiki hii kwa kuwa wateja wanakuhimiza. Mwanangu, wateja wasubiri. Wakiondoka, waondoke wakiwa na macho yao. Agiza kalibu yenye jina lilelile lililo kwenye kitako cha ganda na kwenye mtutu wa bunduki, majina matatu yakubaliane ndipo ushike mpini. Usichanganye ndugu kwenye beseni moja. Pima yote, si mawili. Mkono ukikwambia panakaza, acha, soma tena. Na ukigundua umekosea, usitume mtu wala ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, useme ni wewe.

Mungu akupe mkono wenye subira na jicho lisiloona uvivu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie umfikie mtu wako kabla hajafyatua.