Mwezi Uliotoka Upande Usio Wake

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji. Mama yangu alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mimi nilizaliwa hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na sikupelekwa shule. Ndiyo maana mkono unaoandika ni wako, mjukuu wangu. Andika nisemavyo, usipambe.

Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani iliyopita, tulipokwisha kufuturu, uliniletea simu yako ukirukaruka. Ilikuwa na picha ya mwezi mwembamba, na maneno ukanisomea: umeonekana Bujumbura jioni hii, kesho ni Idi. Nilifurahi. Nikamwamuru mama yako aloweke mchele wa pilau, nikampongeza jirani yetu, fundi wa magari, naye alikwisha kuletewa picha ile ile na watu saba.

Ndipo nikaitazama vizuri. Mwezi ulikaa juu ya milima iliyo nyuma ya Kanyosha, upande wa mashariki. Mwezi mchanga huonekana magharibi, upande wa Kongo, jua likishazama. Mwembamba wa mashariki ni mwezi mzee wa alfajiri. Kumbe tulikuwa tayari kula mchana wa Ramadhani kwa picha ya siku zilizopita.

Nikakuuliza nani ameuona kwa macho yake. Ukampigia aliyekutumia, akasema ameipata kwa binamu yake wa Kibenga. Binamu naye akasema ameletewa.

Jirani akacheka. "Mama, watu saba wameleta, we peke yako unakataa?"

"Saba wameleta. Aliyeona ni nani?"

Akasema uzee umenifanya mbishi. Nikakutuma msikitini, ukarudi na habari kwamba hakuna shahidi aliyesimama mbele ya shehe, tutatimiza thelathini. Tukala daku.

Asubuhi jirani alitoka na kanzu mpya, akakuta mlango wa msikiti umefungwa. Alirudi polepole, manukato yakimtangulia.

"Mama, nimekula tende tatu."

Nikamwambia siku hiyo atailipa, na pilau lake alilete wakati wa kufuturu. Alilileta, nalo lilikuwa tamu kuliko letu.

Sasa sikia la kuhifadhi. Ukiletewa habari kwenye simu, uliza nani ameona, wapi, na lini, kabla hujamrushia mwenzako. Picha itazame mpaka pembeni. Na pale nilipofurahi upesi na kuamuru mchele ulowekwe, pabaki kama nilivyosema. Nimeuona mkono wako ukiruka pale kwa kuniheshimu. Rudi upaandike.