Siku Tisa za Ishbel Bila Salamu

Ishbel Gillanders alipika chakula cha shule yetu ya Kilvannich kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu Pasaka iliyopita walimpa saa ya ukutani. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na kesho yake akaitundika kwenye banda la kuku, kwa sababu, alisema, ilikuwa inaongea sana.

Lazima nieleze jambo hilo la kuongea. Ishbel ni wa kwanza katika watoto saba. Alilala kitanda kimoja na wadogo zake watatu mpaka akafika miaka ishirini na mbili. Baadaye alimuuguza mama yake, ambaye aliumwa kila kiungo isipokuwa ulimi. Mchana alikuwa na watoto arobaini wakimwuliza kama ni lazima kula karoti. Sasa ana miaka hamsini na tisa, na katikati ya Juni mdogo wake Marsaili, aliyefiwa na mume, anahamia kwake moja kwa moja. Marsaili huongea akitoa pumzi, na huongea akiivuta.

Mimi ni jirani yake, kazi yangu kuchimba mitaro na kutengeneza nyua za kondoo. Februari alinifuata kwenye mtaro, akasimama ukingoni.

"Finlay, nataka siku za peke yangu," alisema. "Kutoka hapa mpaka stesheni ya treni kule mashariki, kwa miguu, kupitia mabondeni. Mei, kabla visubi wanaouma hawajaamka. Sitaki mtu aniulize hata nimeamkaje."

Nikasema sawa.

"Unaona? Ndiyo maana nimekuja kwako. Tangu mwaka wa mafuriko umesema maneno arobaini."

Kwetu mtu akienda milimani peke yake humwachia mwenzake karatasi: atalala wapi kila siku, atavuka mito ipi, na asipopiga simu, waokoaji waitwe saa ngapi. Karatasi hiyo ndiyo aliyotaka niitunze.

Basi akaanza kupanga. Alitandaza ramani kwenye meza ya jikoni, na kila nyumba alimojulikana akaizungushia duara jekundu, kwa kipimo cha jicho la mwenye nyumba. Nyumba ya mzee mwenye mtoto wa jicho ilipata duara dogo kama kifungo. Nyumba ya Seonag, binamu yake wa bonde la Glen Sgaire, ilipata duara kama sahani, maana Seonag ana darubini ya kutazamia ndege, na ndege si wengi. Kisha akachora njia inayopita nje ya maduara yote. Njia ya kawaida ilikuwa ya siku sita. Yake ikawa ya siku tisa. Hizo tatu zilikuwa za kukwepa chai.

Alifanya na mazoezi. Alizunguka bustani yake kwenye mvua, shanta mgongoni imejaa viazi, na kwa kuwa alitaka kuuzoea ukimya, hakuitikia salamu ya mtu. Siku ya tatu mchungaji wa kanisa alikuja na biskuti kumpatanisha na kijiji. Alikata mpini wa mswaki upungue uzito. Akakata na lebo za chupi. Aprili shanta nzima, pamoja na hema na unga wa uji, ilikuwa kilo kumi na moja kwenye mizani ya duka, na alitembea nayo kama mtu aliyebeba mto wa kulalia.

Kosa lililofuata ni langu. Karatasi nilikuwa nimeibandika karibu na jiko. Kwetu hakuna anayebisha hodi, na nilipotoka mtaroni nilimkuta Dolina wa Duka jikoni kwangu. Alikuwa ameleta mayai. Alikuwa pia amevaa miwani.

"Finlay, mpenzi, kumbe Ishbel anapita karibu na Glen Sgaire."

Ningeweza kusema kitu. Nikaweka birika motoni.

"Na mimi nina jamu ya Seonag tangu vuli," alisema Dolina. "Mungu ni mwema."

Mabonde yetu kila moja lina barabara yake, inaingia na kuishia humo humo, na gari la posta haliendi kila siku. Kwa hiyo anayepita hubeba. Ikisikika unapita karibu na kwa fulani, unapewa cha fulani, na kukataa ni sawa na kumtemea mlangoni. Kwa wiki mbili watu walimiminika kwa Ishbel. Jamu ya Dolina ilikuwa chupa sita. Peigi mjane alileta meno ya bandia ya shemeji yake, aliyoyasahau kwenye msiba. Akaja mtu na soseji ya damu ndefu kama mkanda. Likaja kodiani lililoazimwa kwenye harusi, ambayo ndoa yake ilikwisha kuvunjika. Wa mwisho alileta jogoo.

"Huyu si wa kubeba, dada," alimwambia Ishbel. "Ukimfunga kamba anatembea mwenyewe."

Jioni kabla ya safari niliingia kwa Ishbel kumtakia heri. Shanta ilikuwa kilo ishirini na tisa, bila jogoo. Ishbel alikuwa amepiga magoti sakafuni, anatoa hema ili kodiani lienee.

"Utalala wapi?" nikauliza.

"Sasa nitafanyaje? Nikishafika kwa kila mmoja na mzigo wake, watanilaza tu. Nyumba nane, Finlay. Nane, na kila moja wataniuliza habari za Marsaili." Aliketi kwenye kiti, hema mapajani. "Basi. Nilijaribu."

Nilitazama lile hema. Kisha nikasikia mtu anasema, "Nitapeleka mimi, kwa gari." Alikuwa ni mimi.

"Wewe? Uingie nyumba nane?"

"Saba. Kwa Seonag nitaweka mlangoni nikimbie."

"Ana darubini," alisema Ishbel, lakini alishaanza kulikunja hema.

Aliondoka alfajiri na kilo zake kumi na moja. Mimi niliondoka saa mbili na jogoo kwenye kiti cha mbele.

Seonag alikuwa mlangoni hata sijazima gari. Aliniketisha, akanimiminia chai, akanikatia keki, akanitazama.

"Na Ishbel yuko wapi?"

"Anatembea."

"Anakuja hapa?"

"Hapana."

"Nimemkosea nini?"

Jogoo alikuwa amepanda juu ya kabati na hakunisaidia. Ikabidi nieleze mwenyewe. Nilisema hakuna aliyemkosea Ishbel, ila anataka siku tisa bila kusemeshwa, kabla Marsaili hajahamia kwake.

Seonag aliweka kikombe chini. "Marsaili anahamia? Kabisa?"

"Juni."

 Akaenda dirishani, akaigeuzia darubini ukutani, na akavuta mapazia. "Maskini mwanamke wa watu," alisema. "Sitaki hata kumwona kwa bahati mbaya."

Nilipotoka tayari alikuwa kwenye simu. Zile nyumba nyingine zilinichukua siku mbili na vikombe ishirini na vitatu, na kufikia ya tatu habari ilikuwa imenitangulia. Kila nilipofika mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Niliona wametenda jambo la heshima sana. Nilirudi nyumbani nimeridhika, nikalala usingizi wa saa kumi na nne.

Siku ya tisa nilikaa karibu na simu tangu asubuhi. Karatasi ilisema atapiga saa sita mchana, na ikifika saa kumi na mbili jioni niwaite waokoaji. Saa nane ikapita. Saa tisa nilifanya mazoezi ya kusema "nataka kuripoti" mbele ya kioo. Saa kumi kasoro simu ikalia. 

"Finlay," alisema Ishbel, sauti imekwaruza. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Usinifiche. Nimekaa na wafiwa nyumba nne."

Hapo ndipo nilipopata akili. Kwetu pazia likifungwa mchana, ndani mna maiti. Mtoto mdogo anajua hivyo. Na ukiliona, hata uwe unakimbizwa na fahali, unaingia kutoa pole.

Alinisimulia. Siku ya pili, akiwa juu mlimani nje kabisa ya duara la Seonag, aliona mapazia yake yamefungwa. Alisimama nusu saa anagombana na nafsi yake. Kisha akashuka. Seonag alimfungulia, akamtazama, hakusema neno. Ishbel aliona huzuni hiyo ni kubwa mno, naye hakusema. Wakanywa chai. Ishbel akamshika mkono, akalia kidogo. Seonag naye akalia. Saa nzima. Kisha akamfungia keki kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka kwenye kijito, akarudi. Ikawa hivyo hivyo nyumba ya pili, ya tatu na ya nne.

"Nikadhani ni ugonjwa umeingia mabondeni," alisema.

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi.

"Kwa hiyo Seonag alilia nini?"

"Nadhani alikuwa anamfikiria Marsaili."

 Nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi, kikaendelea, na kumbe alikuwa anacheka, kicheko kilichokaa siku tisa bila kutumika.

"Seonag," alisema. "Saa nzima bila neno. Na keki."

"Basi la kurudi huku kutoka stesheni linaondoka saa kumi na moja," nikamkumbusha.

"Liondoke. Nina wiki mbili kabla ya Marsaili. Nitarudi kwa miguu, ile njia ya siku sita."

"Ile inapita majumbani."

"Najua. Waambie wafungue mapazia, Finlay. Midomo waiache kama ilivyo."