Wino wa Mwanyumba Wangu

Kwetu Amu, yaani Lamu, mume ndiye anayehamia kwa mke, na mama mkwe wetu alikuwa na binti wawili na nyumba moja. Mimi nilimwoa mkubwa, nikapewa chini. Mwanyumba wangu alimwoa mdogo, akapewa ghorofani. Hapo tayari mwaona nani alikuwa juu ya nani.

Mwenzangu alikuwa mtu wa safari, Mombasa na kurudi. Mimi, pamoja na sekondari yangu yote, nilipenda kukaa ndani kama paka. Yeye akirudi na doti za kanga mpya, mimi nikirudi kutoka sokoni na bilingani. Basi mwaka mmoja, katika ile miaka ya hamsini, akaja na zulia jekundu lenye maua meupe, likatandikwa sebuleni. Mama mkwe hakuwa na neno jingine. Kila mgeni aliambiwa, "Kanyaga polepole, hilo la mkwe wangu." Mkwe wangu! Na mimi nani, mpangaji?

Alasiri ya siku ya maulidi, mwanyumba alikaa katikati ya zulia lake akitia wino kalamu mpya, ili wageni waione mfukoni. Chupa ikapinduka. Doa la samawati likaenea juu ya ua jeupe, upana wa sahani.

Moyo wangu ulicheza chakacha.

Akashika kitambaa, akaanza kusugua.

"Wee bwana!" nikamwambia. "Unalisafisha au unalipaka rangi?"

Nyuma ya pazia la upande wa wanawake mama mkwe akalia, "Nani atanisitiri? Wageni wako ndiani, karibu wafike!"

Hapo nikaona pa kupenyea. Nikiliondoa doa lile, mama huyu atanisifu hata mara moja, tena mwenzangu akisikia. Na wino niliujua: shuleni niliumwagia kanzu zangu zote, na kuutoa ndiyo elimu pekee iliyonikaa.

Nikapiga magoti. Nikagandamiza kanga kuukuu juu ya doa, bila kusugua, hadi iliponyonya wino wa juu. Nikatia maziwa, nikagandamiza tena. Ndimu na chumvi nikajaribu kwanza pembeni, rangi isije ikatoka, kisha nikaja nayo kutoka ukingoni kwenda katikati. Mwanyumba kanisimamia kichwani kama nyapara.

"Kushoto kidogo, bwana."

Mwisho nikasuuza kwa maji, nikakausha. Ua likarudi jeupe kama pamba.

Mke wangu akachungulia, akampasha mama habari. Nikatega sikio.

"Mashallah!" ikasema sauti. "Zulia la haja hilo, halikubali wino! Lingekuwa la mtu mwingine, lingeharibika."

"Nililichagua mwenyewe, mama," akajibu mwanyumba, bila hata kunitazama.

Mke wangu alicheka mpaka akajificha. Mimi nilibaki na magoti yaliyolowa, nanuka maziwa na ndimu kama samaki aliyekwisha kutiwa viungo.

Mara pazia likatikisika, ukatoka mkono wa mama mkwe umeshika kanzu safi iliyokunjwa. Nikainuka mbio. Ah, kumbe ameona! Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaikunjua: mfukoni, doa la samawati.

"Ya mwenzio ya maulidi hiyo, kalamu aliyoitia mfukoni imeivujia," akasema. "Upesi, mwanangu, yeye ndiye wa kukaa mbele."

Mwanangu! Hakuwahi kuniita hivyo. Nikakata ndimu nyingine, na wivu wangu wote nikaukamulia humo.