Mkanda wa Mtoro wa Mgambo

Mjomba wangu Barnaba wa Makote alikwepa mafunzo ya mgambo mara tatu. Mara ya kwanza aliumwa jino, ya pili mgongo, na ya tatu alijichimbia kwenye mikorosho yake siku mbili akila mabibo. Kwa hiyo alipotokwa na mkanda wa jeshi, malengelenge yamejipanga ubavu wa kushoto kama gwaride, kijiji kizima kilicheka.

"Jeshi limekufuata nyumbani," walimwambia.

Yeye hakucheka. Kwetu kila mtu anajua kwamba vichwa viwili vya mkanda vikikutana, mgonjwa hana siku nyingi. Isitoshe, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na walipokuja wanunuzi binafsi wa korosho na mitumba na maneno ya kila aina, mkanda ulihusishwa na ule ugonjwa usiotajwa. Watu wakaacha kumpa mkono. Mkewe Dominika akahamishia mkeka wake chumba cha pili, akisema hamgusi mpaka apone. Hilo lilimuuma mjomba kuliko malengelenge.

Mimi ni nesi. Nilimweleza kwamba mkanda huishia kwenye uti wa mgongo, hauzunguki, akanijibu kuwa nesi hafi na mgonjwa. Basi nikampeleka kwa daktari mgeni aliyekuwa hospitalini kwetu akichunguza joto la ngozi za wagonjwa wa mkanda. Kamera yake ilionyesha penye joto kwa rangi nyekundu na penye baridi kwa bluu. Masharti yalikuwa machache: avue shati, akae robo saa, asiguswe.

Mjomba akakaa, akasinzia. Nikamwacha na Dominika, aliyekuwa ametusindikiza, nikaenda kumwita daktari.

Picha ilipotokea kwenye kioo, kushoto kulikuwa kwekundu kutoka uti wa mgongo mpaka kifuani. Na kulia, chini ya bega, palikuwa na wekundu mwingine.

"Vichwa vimekutana," alisema mjomba kwa sauti ndogo. Akaanza wosia palepale. Mikorosho ya bondeni apewe mwanawe Nikolao. Lile jino halikuwahi kuuma. "Na wewe Dominika unisamehe. Kuku wako mwekundu hakuchukuliwa na mwewe."

Daktari hakujua Kiswahili. Alikisogelea kioo, akahesabu kwa kalamu: vidole vitano na kiganja. Akaniambia niulize ni nani aliyemgusa mgonjwa.

Dominika aliangalia dari. "Nilikuwa nafukuza nzi."

"Nzi gani wa kuacha alama namna hii?" nikamuuliza.

"Alikuwa mbishi."

Daktari akataka tuanze upya, robo saa nyingine, na mama asubiri nje. Dominika akainuka. Mjomba akamkamata upindo wa kanga, machozi yanamtoka bila aibu.

"Mpwa wangu, mwambie daktari picha imetosha," alisema. "Huyo nzi arudi."